Gridi ya Data: Kompyuta Nyingi Kufanya Kazi Kama Moja



Likizo iliyopita nilikutana na mwalimu aliyenifundisha hesabu katika shule hii. Akaniuliza, "Yale mabaki ya kugawanya niliyokufundisha Kidato cha Kwanza yamekufaa nini huko mjini?" Nikamjibu, "Mwalimu, ndiyo yanayonilisha." Alicheka, kisha akaniagiza nieleze jambo hilo katika gazeti la shule, nami sina uwezo wa kukataa agizo la mwalimu wangu.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta. Leo nitaeleza chombo kimoja cha kazi hiyo, kiitwacho gridi ya data katika kumbukumbu. Nitaeleza pia kosa nililolifanya mimi mwenyewe kwa kukitumia bila kufikiri vya kutosha.

Ghala lenye mlango mmoja

Tuchukue mfano wa duka kubwa lenye wauzaji kumi na ghala moja. Ghala hilo lina mlango mmoja na mtunzaji mmoja. Wateja wanapozidi, mwenye duka huongeza wauzaji, wakawa ishirini au thelathini. Je, wateja watahudumiwa upesi zaidi? Hata kidogo. Wauzaji wote watakwenda kupanga foleni mlangoni pa ghala, na foleni itakuwa imehama tu kutoka mbele ya duka kwenda nyuma yake.

Hivyo ndivyo zilivyo programu za mashirika makubwa, kama vile benki, kampuni za simu na mashirika ya ndege. Seva zinazopokea maombi ya watu ni wale wauzaji. Hifadhidata, yaani mahali data zote zinapowekwa katika diski, ndiyo ghala. Kuongeza seva ni rahisi. Kuongeza milango ya ghala ni kazi ngumu.

Kumbukumbu na diski

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka data. Pa kwanza ni kumbukumbu, ambayo ni nyepesi sana lakini husahau yote umeme unapokatika. Pa pili ni diski, ambayo ni nzito lakini haisahau. Kusoma kitu katika kumbukumbu huchukua kiasi cha nanosekunde 100, na nanosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Kutafuta kitu katika diski ya sahani inayozunguka huchukua kiasi cha milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Kama safari ya kwanza ingekuwa ya dakika moja, ya pili ingechukua siku 69. Diski za siku hizi zisizo na sahani zina nafuu kubwa, lakini hata hizo safari yao ingefika saa 16 na zaidi.

Basi, mtu mwenye akili atasema: tuweke data katika kumbukumbu. Naam, lakini kumbukumbu ya seva moja haitoshi, na seva hiyo ikifa data zimekwenda nayo. Hapo ndipo gridi inapoingia. Seva kadhaa huunganishwa kwa mtandao, kila moja ikatoa sehemu ya kumbukumbu yake, na zote pamoja zikawa kama ghala moja lenye milango mingi. Programu za namna hii ni kama Hazelcast, Apache Ignite na Coherence, ambayo kampuni ya Oracle iliipata mwaka 2007 ilipoinunua kampuni ya Tangosol.

Kazi ya baki

Sasa nafika kwa mwalimu wangu. Ikiwa data zimetawanywa katika seva nyingi, seva yajuaje kitu fulani kiko wapi? Ikiuliza kila mwenzake, tutakuwa tumerudi kwenye foleni.

Jibu ni hesabu. Kila kitu kina ufunguo, mathalani namba ya mwanafunzi. Ufunguo hugeuzwa kuwa namba kwa kanuni maalum, namba hiyo ikagawanywa, na baki likaonyesha fungu la kitu hicho. Katika Hazelcast mafungu ni 271, usipobadilisha mwenyewe. Mkumbuke kwamba 271 ni namba tasa. Tuseme namba iliyopatikana ni 58,214. Ukigawanya kwa 271 utapata 214, na baki ni 220. Kitu hicho kiko katika fungu la 220, wala hapana haja ya kumwuliza mtu. Kila seva ina jedwali linaloonyesha fungu lipi liko kwa nani.

Huenda mwanafunzi mmoja akauliza: kwa nini tusigawanye moja kwa moja kwa idadi ya seva? Swali zuri. Tuseme seva ni 4, kisha tukaongeza ya 5. Andikeni namba 20 zinazofuatana, mzigawanye kwa 4, kisha kwa 5. Mtaona kwamba ni namba 4 tu ambazo baki lake halibadiliki. Maana yake, data nne katika kila tano zingelazimika kuhama siku hiyo. Lakini kwa mafungu 271, baki la kitu halibadiliki kamwe. Kinachobadilika ni mwenye kulitunza fungu. Seva 4 zilikuwa na mafungu 67 au 68 kila moja. Seva ya tano ikija, hupewa mafungu 54 hivi, na mengine hukaa yalipo. Hivyo ndivyo gridi inavyokua bila vurugu.

Pamoja na hayo, kila fungu lina nakala katika seva nyingine. Seva moja ikifa, nakala hushika nafasi, na watu hawatambui kitu.

Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa miongoni mwa watu waliotengeneza programu ya kupokea ada za chuo kimoja. Kila muhula ulipofunguliwa programu ilikwama. Nikaleta gridi, na mwendo ukawa wa ajabu. Nilisifiwa, na sifa zikanilevya.

Kuna njia mbili za kupeleka data kutoka kumbukumbu hadi diski. Ya kwanza ni kuandika papo hapo: mlipaji hajibiwi mpaka malipo yamefika katika diski. Ya pili ni kuandika baadaye: mlipaji hujibiwa mara moja, na malipo hukusanywa yakapelekwa pamoja. Mimi nilichagua ya pili, kila baada ya sekunde 30, kwa sababu ilikuwa nyepesi. Nilijiambia kwamba zipo nakala, basi hapana hatari.

Jioni moja umeme ulikatika na jenereta ikakataa kuwaka. Seva zote zilikuwa katika chumba kimoja. Data halisi na nakala zake zikafa kwa dakika moja. Malipo 19 yalipotea, na kila mlipaji alikuwa amekwisha kuambiwa, "Tumepokea."

Baada ya majuma mawili kijana mmoja alizuiliwa mlangoni pa chumba cha mtihani kwa sababu jina lake lilikuwa katika orodha ya wasiolipa. Mama yake alikuja ofisini kwetu na ujumbe wa malipo katika simu yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, mimi niliuza mahindi yote. Kama hela haipo, imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Tulipitia hesabu za benki siku tatu tukayapata malipo yote 19, na kijana akafanya mtihani wake baadaye. Lakini aibu ya kurudishwa mbele ya wenzake hatukuweza kuifuta.

Tangu siku hiyo malipo huandikwa kwanza katika diski, ndipo mlipaji hujibiwa. Twapoteza milisekunde chache, na hakuna aliyelalamika. Yale yanayosomwa mara nyingi na kubadilika mara chache, kama ratiba na viwango vya ada, ndiyo tunayoyatoa katika gridi. Nakala nazo tumeziweka katika jengo jingine lenye umeme wake.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu ya kompyuta ni mtumishi mwepesi, lakini si daftari. Mwanafunzi atakayefuata kazi hii ajiulize kila mara kabla ya kutafuta wepesi: kitu hiki kikipotea, ni nani atakayesimama mlangoni?

Mazoezi

1. Kitu chenye namba 10,000 kiko katika fungu gani, ikiwa mafungu ni 271?
2. Seva 6 zikigawana mafungu 271, kila moja itapata mangapi?
3. Taja data tatu za shule yetu zinazofaa kukaa katika kumbukumbu tu, na tatu zisizofaa. Toa sababu.