Rangi Haipakwi, Hupikwa

Wanachama wenzangu, ukionyeshwa kikombe cha udongo chenye rangi ya samawati inayong'aa, bila shaka utasema kimepakwa rangi. Sivyo! Rangi ile imepikwa, na hilo ndilo somo langu.

Tuanze hapa hapa Sosiot. Udongo unaotuharibia soksi kila mvua inaponyesha ni mwekundu kwa sababu una kutu ya chuma. Udongo wa mfinyanzi nao mara nyingi huwa na chuma. Ukichomwa hadi nyuzi 600 hivi, maji yaliyofungamana na chembe zake hutoka, na haurudi tena kuwa matope hata uuloweke mwaka mzima. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Baada ya moto hakuna cha kuwahi. Moto ukipata hewa ya kutosha, chungu hutoka chekundu. Ukinyimwa hewa, udongo ule ule hutoka mweusi. (Wapenzi wa kemia, chuma kimenyang'anywa oksijeni, na moshi umeingia.) Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, amepata sifa duniani hasa kwa rangi hizo mbili. Tena hatumii gurudumu. Huinua udongo kwa mikono, ufundi aliojifunza miaka ya 1970 katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Naijeria.

Je, samawati na kijani? Hapo chombo huchomwa kwanza, kisha huchovywa katika uji wa unga wa mawe yenye silika, uliotiwa madini: kobalti kwa samawati, shaba kwa kijani, chuma kwa hudhurungi. Mara nyingi uji huo haufanani kabisa na rangi itakayotoka. Chombo hurudishwa tanurini, na joto likipita nyuzi 1,000 uji huyeyuka ukawa kioo kilichokishika chombo barabara, hata chai haivuji. Vigae vya ukutani ni vivyo hivyo. Kiwanda cha Kazuri, Karen, kilichoanzishwa na Susan Wood mwaka 1975 pamoja na wanawake wawili, hutengeneza shanga na vyombo kwa njia hii. Na rangi hiyo hudumu: kule Mambrui, pwani, bakuli za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo ya kaburi karne nyingi zilizopita, mbele ya upepo wa chumvi.

Sasa sisi wanywa chai tutege sikio. Vyungu vinavyopakwa rangi ya mafuta baada ya kuchomwa ni vya maua. Rangi hiyo hubanduka. Hata kioo chenyewe kina hatari yake. Wafinyanzi wengine hutia madini ya risasi ili uji uyeyuke upesi. Kikichomwa vibaya, limau au siki huivuta risasi ikaingia chakulani, nayo huharibu ubongo wa mtoto. Kwa hivyo mimi humuuliza muuzaji maswali mawili: kimechomwa mara ngapi, na kina risasi? Akibabaika, nakinunua cha maua, tena kwa bei ya cha maua.