Kabla Hujalipia Safari ya Kuwatazama Nguchiro

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kutofautisha ahadi ya haki na ahadi ya udanganyifu katika safari ya kuwatazama wanyamapori, na atajua mambo ya kudai kabla ya kutoa fedha yake.

1. Mfano wa kuanzia

Tuseme kikundi cha akina mama wa Nalasi, mkoani Ruvuma, kimeweka akiba mwaka mzima. Msimu wa korosho umekwenda vizuri, nao wamekubaliana kuwapeleka watoto wao kuwaona wanyama wa porini. Katika simu ya mmoja wao linafika tangazo lenye picha ya wanyama wadogo waliosimama wima kwa miguu ya nyuma, wakiliota jua la asubuhi. Chini ya picha yameandikwa maneno haya: "Njooni muwaone mirkati hapa hapa Tanzania. Uhakika asilimia mia moja. Lipeni nusu leo." Watoto wanamtambua mara moja mnyama huyo, kwa kuwa wamemwona katika filamu ya katuni ya The Lion King ya mwaka 1994.

Mfano huu ni wa kufundishia tu. Hata hivyo, tangazo hilo lina kasoro tatu: jina la mnyama, uhakika unaotolewa, na namna ya malipo. Tuzitazame moja baada ya nyingine.

2. Je, mnyama aliyetajwa yupo?

Mirkati ni mnyama wa jamii ya nguchiro, mwenye uzito usiofika kilo moja. Makao yake ni nchi kavu za kusini mwa Afrika: Botswana, Namibia, Afrika Kusini na kusini mwa Angola. Tanzania hana makao. Anayemwahidi mlaji kwamba atamwona mirkati porini katika nchi yetu, ama hamjui mnyama huyo, ama anamjua na anadanganya. Kwa mlaji hasara ni ile ile.

Hii haina maana kwamba hatuna cha kutazama. Tanzania ina nguchiro wa aina kadhaa, na wawili kati yao huishi kwa makundi na kutembea mchana kama mirkati. Wa kwanza ni nguchiro mwenye miraba mgongoni, ambaye huweza kuishi katika kundi la watu wa ukoo wake ishirini au zaidi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, nchini Uganda, nguchiro hao wameonekana wakimtoa ngiri kupe mwilini, naye ngiri hulala chini kwa hiari yake ili wamsafishe. Wa pili ni kitafe, mmoja wa wanyama walao nyama walio wadogo zaidi barani Afrika, mwenye uzito wa gramu mia tatu hivi. Kitafe hulala katika vichuguu, na wenzake wanapotafuta wadudu, mmoja hupanda mahali palipoinuka akalinda zamu. Mtafiti Anne Rasa, aliyewachunguza katika nyika ya Taru nchini Kenya na kuchapisha matokeo yake katika miaka ya 1980, alieleza jinsi hondohondo wanavyowangoja vitafe asubuhi penye kichuguu ili watembee pamoja: ndege hupata panzi wanaofurushwa, na vitafe hupata macho ya kuwaonya mwewe anapokaribia.

Basi mwongozaji mwaminifu hana haja ya kuazima jina la mnyama wa mbali. Humtaja mnyama aliyepo kwa jina lake, na husema atatazamwa wapi.

3. Je, uhakika wa asilimia mia moja unawezekana?

Katika Kalahari wapo waongozaji wanaoweza kuwafikisha wageni karibu sana na mirkati. Sababu yake ni kazi ya miaka mingi. Huko Afrika Kusini, kandokando ya mto Kuruman, watafiti wamekuwa wakiyafuata makundi ya mirkati kwa miguu tangu mwaka 1993, hata wanyama wakazoea kuwaona watu bila kukimbia. Mwongozaji wa makundi yaliyozoeshwa hivyo hutazama jioni ni shimo gani wameingia, kisha alfajiri hurudi na wageni hapo hapo. Hata hivyo, asubuhi ya baridi au ya mawingu mirkati huchelewa kutoka, na mgeni hungoja.

Nguchiro wetu wengi hawakuzoeshwa. Wenye miraba huhama pango kila baada ya siku chache, na wakisikia kishindo huingia ardhini. Kwa hiyo mwongozaji wa haki huuza mambo manne tu: muda wake, ujuzi wake, usafiri wake na bidii yake. Mnyama hauzwi, kwa kuwa si mali yake. Anayetoa uhakika kamili aulizwe ataupataje. Ikiwa jibu ni kwamba mnyama amefungiwa, amefukuliwa shimoni au amewekewa chakula, mlaji ajue kwamba hiyo si safari ya kutazama wanyama porini, na kwamba kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

4. Mambo ya kudai kabla ya kulipa

(a) Leseni. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka mfanyabiashara wa safari za utalii awe na leseni, na mwongozaji wa watalii vivyo hivyo. Omba kuiona, soma jina na tarehe ya mwisho wa matumizi, ulinganishe na jina la anayepokea fedha.

(b) Maelezo ya maandishi. Yataje mahali, tarehe, saa za kukaa porini, idadi ya abiria katika gari, chakula, na wanyama wanaoweza kuonekana.

(c) Mchanganuo wa bei. Kiingilio cha hifadhi kitengwe na gharama ya gari na ya mwongozaji. Kumbuka kwamba kiingilio cha raia hutofautiana na cha mgeni kutoka nje. Ikiwa safari inaingia katika eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, kama zilizopo wilayani Tunduru katika ushoroba wa Selous na Niassa, uliza kibali kimetolewa na nani na vijiji vinapata nini.

(d) Masharti ya kurudishiwa fedha. Yaeleze itakuwaje mvua ikifunga njia, gari likiharibika, au safari ikiahirishwa.

(e) Risiti. Lipa kwa jina la biashara iliyo katika leseni, si kwa namba ya simu ya mtu binafsi usiyemjua, na udai risiti ya mashine ya kielektroniki. Haraka ya "lipeni leo" haimfai mlaji.

5. Wajibu wa mtazamaji

Haki huenda pamoja na wajibu. Fika mapema, kaa kimya, usizibe njia ya kuingia pangoni, wala usiwape wanyama chakula: mnyama aliyezoea kulishwa huvamia jiko na jalala, na mwisho wake huuawa. Usimshike nguchiro, hata akionekana mpole, kwa maana wanyama wa jamii hii huweza kubeba kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

6. Ukidanganywa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kumdanganya mlaji. Hifadhi tangazo, ujumbe wa simu, risiti na maelezo ya safari. Mwandikie kwanza mfanyabiashara ukieleza dai lako na siku unayotaka jibu. Asipokujibu, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Palipo na wizi wa wazi, toa taarifa polisi bila kungoja.

Kutomwona mnyama, ikiwa mwongozaji alisema kweli na akajitahidi, si udanganyifu. Kuahidiwa mnyama asiyekuwapo ni udanganyifu, hata kama safari ilikuwa ya kupendeza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tangazo la mirkati nchini Tanzania ni la kupotosha, ilhali nguchiro wapo?
2. Taja mambo manne ambayo mwongozaji anaweza kuyauza kwa haki.
3. Liandike upya tangazo lililopokewa na akina mama wa Nalasi, liwe la kweli na bado liwavutie watoto.