Hesabu Nzito, Kompyuta Ndogo: Kazi Ifanyike Kwenye Seva

Kompyuta yangu ni ya zamani. Ssh itanisaidiaje?

Ssh ni programu inayokuingiza kwenye kompyuta ya mbali, yaani seva: unaandika amri hapa, kazi inafanyika kule. Ukiandika `ssh seva python3 hesabu.py`, penye `seva` ukiweka anwani yake, anayetoka jasho ni prosesa ya seva. Kinachokurudia ni maandishi tu, kwa hiyo hata bando dogo linatosha. Mfinlandi Tatu Ylönen aliiunda ssh mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. Kwa ssh, kila kinachopita njiani kimesimbwa.

Nimechoka kuandika anwani ndefu kila mara.

Ndani ya folda ya `.ssh`, tengeneza faili liitwalo `config`. Andika `Host seva`. Chini yake `HostName` na anwani, kisha `User` na jina lako. Tangu hapo `ssh seva` inatosha. Ongeza `ServerAliveInterval 60`: seva ikinyamaza kwa sekunde 60, ssh itaibishia hodi, njia isifungwe.

Na ufunguo wa kuingilia, badala ya nywila?

`ssh-keygen -t ed25519` itakupa mafaili mawili. Lenye `.pub` ni la umma, lipeleke kwa `ssh-copy-id seva`. La pili ni la siri, na halitoki kwenye kompyuta yako. Mwenzako akiliomba kwa WhatsApp, hata kwa dakika 5, mkatalie. Atengeneze ufunguo wake, nawe umwongezee ule wa umma kwenye seva. Ufunguo wa siri ukishatumwa, huwezi tena kujua nakala zake ziko wapi.

Umeme ukikatika nyumbani katikati ya hesabu ya saa 6?

Swali hili limewaliza wengi. Muunganisho ukikatika, kwa kawaida programu uliyoianzisha nayo hufa. Kwa hiyo ukishaingia kwenye seva, anzisha kwanza tmux, inayoshikilia kazi yako hata ukitoka: andika `tmux new -s kazi`, ndipo uanzishe programu. Bonyeza Ctrl pamoja na b, achia, kisha d: wewe umetoka, programu imebaki. Mtandao ukirudi, ingia tena uandike `tmux attach -t kazi`, utaikuta inaendelea.

Ikizimika seva yenyewe?

Hapo tmux haina msaada. Andika programu yako iwe inahifadhi matokeo kwenye faili kila hatua inapokamilika, na ikiwashwa upya isome faili hilo kwanza, iendelee ilipoishia.