Kulizuru Kanisa Kuu la Mkunazini

Mtu atakaye kulizuru kanisa kuu la Kianglikana lililoko Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, yampasa kufanya kazi kidogo kabla ya kupanda chombo. Kufika si taabu. Vyombo vya abiria huvuka kila siku kutoka Dar es Salaam, na kutoka bandarini hata Mkunazini ni mwendo mfupi kwa miguu, ijapokuwa vichochoro vya mji ule humpoteza mgeni upesi. Neno lililo gumu ni kujua anatazama nini. Asiyejua habari za mahali pale ataona kanisa zuri la mawe, atalisifu, kisha atakwenda zake.

Basi na aanze na mwaka 1873. Hata mwaka huo palikuwapo pale soko la watumwa. Watu waliotekwa bara, wengi wao kutoka pande za ziwa Nyasa, waliuzwa hapo kama bidhaa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, soko likafungwa. Wamisioni wakapata kiwanja, na siku ya Noeli ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Ibada ya kwanza ilifanywa humo siku ya Noeli ya mwaka 1877. Lakini mwanafunzi asidhani kwamba utumwa ulikwisha soko lilipofungwa. Sheria ya kuuondoa katika Unguja ilitoka mwaka 1897. Kwa muda wa miaka 20 watu walisali mahali pale palipokuwa soko, na huku mashamba ya karafuu yakilimwa na watumwa.

Mwenye kuusimamia ujenzi alikuwa Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, mtu yule yule aliyetoa kitabu cha kufundisha Kiswahili mwaka 1870. Mgeni aingiapo na ainue macho atazame dari. Ni kuba ndefu ya saruji iliyochanganywa na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, wala haina boriti. Wengi walimwambia Steere kwamba itaanguka. Hata leo haijaanguka. Yeye alifariki mwaka 1882, na kaburi lake li nyuma ya altare.

Altare yenyewe, kwa masimulizi ya watu wa pale, imewekwa mahali uliposimama mti wa kufungia watumwa na kuwapiga. Karibu na mimbari pana msalaba mdogo wa mti. Huo ulitengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873.

Mambo mengine yafaa kusikilizwa kwa masikio mawili. Viongozi wa wageni huonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, wakasema mafundi walizigeuza Steere alipokuwa safarini. Hiyo ni hadithi ya kupendeza, na nguzo zenyewe zaonekana. Huonyesha tena vyumba vya chini, vyembamba na vya giza, vilivyo katika jengo la jirani, wakasema ndimo watumwa walimofungiwa. Wako wataalamu wa historia wasiokubali, kwa sababu jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misioni baada ya soko kufungwa. Mwanafunzi na ashuke aone, tena aulize: habari hii imeandikwa wapi, na nani? Mateso ya soko lile yana ushahidi wa kutosha hata pasipo vyumba.

Siku ya Jumapili watu husali, kwa hiyo afadhali siku nyingine, na mapema asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Mavazi yawe ya heshima. Fedha ya kiingilio iwekwe tayari, na saa mbili nzima zitengwe, maana nje kuna maonyesho ya historia ya biashara ile, na kusoma kwahitaji utulivu. Huko nje pia, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu watano, kazi ya Clara Sörnäs wa Uswidi. Shingoni mwao umepita mnyororo wa chuma.