Simu Imeganda? Bonyeza, Hesabu, Usiachie

Unagusa kioo, hakisikii. Unatelezesha kidole, wapi. Saa ya pale juu imekwama kwenye 10:12, na ya ukutani inakaribia saa tano. Basi, simu imeganda.

Usiipigepige kiganjani. Iweke mezani, hesabu mpaka 60, usiguse chochote. Mara nyingi simu haijaganda kabisa, imezidiwa tu: kuna programu inajisasisha, kuna video inashuka, kuna mtandao unasuasua. Kila unapokigongagonga kioo unaiongezea foleni ya kazi, nayo inazidi kuchoka.

Dakika ikiisha, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja tu, kama unavyokilaza kioo siku zote. Kikizima, na kikawaka ukibonyeza tena, simu iko hai. Kilichokwama ni programu moja. Telezesha kidole kutoka chini kabisa ya kioo kwenda juu, tulia kidogo katikati, utaona programu zote ulizofungua zimejipanga kama karata. Ile iliyokwama irushe juu. Kama simu yako ina vitufe vitatu chini ya kioo, gusa kile cha mraba au cha vistari vitatu, utafika palepale.

Android ikikuletea kijiujumbe kwamba programu haijibu na kukuuliza usubiri au uifunge, subiri mara moja. Ikirudi mara ya pili, funga.

Na kama hakuna kitu kinachosikia kidole, twende kwenye dawa yenyewe: kuiwasha upya kwa lazima.

Kwanza tuondoe hofu. Kuwasha upya hakufuti picha, hakufuti namba za watu, hakufuti meseji. Utakachopoteza ni kile ulichokuwa unaandika na hakijahifadhiwa. Kufuta kila kitu ni jambo jingine kabisa, lina mlango wake, na nitakuonyesha ulipo ili usiuingie kwa bahati mbaya.

Vua kava. Naam, kabla ya yote. Mdogo wangu alinijia na simu inayojizima na kujiwasha kila baada ya dakika mbili tatu, na tayari alikuwa ameshatajiwa bei ya betri mpya. Nikavua kava. Lilikuwa la bei ya chee, tundu lake la pembeni halikukaa sawa, na lilikuwa limekibana kitufe cha kuwashia mchana kutwa. Simu haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inatii amri.

Chomoa chaja na waya wa masikioni. Sasa shika simu kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa huru.

Kama ni Android

Samsung: bonyeza kitufe cha kupunguza sauti na kile cha kuwashia kwa pamoja, shikilia. Huchukua sekunde 7 hadi 10, zikizidi kidogo usijali. Kioo kitakuwa cheusi, kisha jina la Samsung litatokea. Hapo ndipo unaachia.

Tecno, Infinix, itel na Redmi: anza na kitufe cha kuwashia peke yake. Shikilia bila kuachia mpaka simu itetemeke au nembo itokee. Nyingi huitika kati ya sekunde 10 na 20. Pixel ni mbishi zaidi: hiyo ishikilie mpaka sekunde 30.

Ikigoma, rudia kwa kuongeza kitufe cha kupunguza sauti. Ikigoma tena, badili, weka cha kuongeza sauti. Njia moja kati ya hizi huwa inakubali. Ila michanganyiko hiyo miwili inaweza kukupeleka kwenye ukurasa mweusi wenye maandishi madogo. Tutaufikia.

Wengi hukosea hapa, nami nilikosea hadharani. Simu yangu iliwahi kuganda ndani ya daladala katikati ya ujumbe wa sauti wa shangazi, spika ikiwa juu. Kioo kimeganda, sauti haijaganda. Gari zima likasikiliza mgogoro wa kiwanja chetu, na majina ya wahusika. Nikabonyeza kitufe, sekunde tatu, hakuna kitu, nikaachia. Nikabonyeza tena, nikaachia. Nimefanya hivyo vituo vitatu. Kumbe kila nilipoachia nilikuwa naanza upya kutoka moja.

Kwa hiyo hesabu kama mweka hazina anayehesabu michango mbele ya wajumbe: taratibu, kwa sauti, bila kuruka. Sekunde 10 ukiwa na haraka ni 4.

Kama ni iPhone

Kuanzia iPhone 8 kuja juu, mpaka hizi za leo, na hata SE ya pili na ya tatu, mpangilio ni mmoja. Bonyeza kitufe cha kuongeza sauti, achia hapohapo. Bonyeza cha kupunguza sauti, achia hapohapo. Kisha bonyeza kile cha upande wa pili, na hicho usikiachie. Vile viwili vya kwanza vifuatane haraka, kama kubisha hodi.

Katikati unaweza kuona alama ya kukutaka utelezeshe kidole ili kuzima. Ipuuze. Endelea kushikilia mpaka nembo ya tufaha itokee.

Usishikilie kitufe cha sauti na cha pembeni kwa wakati mmoja. Huo ni wito wa dharura: simu itaanza kuhesabu kurudi nyuma, na ukizubaa itapiga kuomba msaada. Ukiona hesabu hiyo, achia haraka.

iPhone 7 ni tofauti: kupunguza sauti na kitufe cha kuwashia, pamoja, mpaka nembo. Za nyuma ya hapo, yaani 6s kurudi chini na ile SE ya kwanza, ni kitufe cha duara cha mbele na cha kuwashia, pamoja.

Ukiangukia ukurasa mweusi

Umekuta kioo cheusi, maandishi madogo ya Kiingereza, pengine na kijiroboti kimelala chali. Hujaharibu kitu. Umeingia jikoni kwa mlango wa nyuma.

Huku kugusa kioo mara nyingi hakufanyi kazi. Panda na shuka kwa vitufe vya sauti, chagua kwa kitufe cha kuwashia. Tafuta mstari ulioandikwa "Reboot system now", uchague, simu itawaka kama kawaida.

Na sasa ule mlango niliokuahidi: "Wipe data/factory reset". Huo ndio unaofuta picha, namba na kila kitu. Usiuguse kwa kujaribu. Zaidi ya hapo, ukiufungua, simu ya Android ikiwaka itakudai akaunti ya Google iliyokuwamo pamoja na nywila yake. Kama akaunti ilifunguliwa na kijana wa dukani siku unanunua simu, na hukuandika chochote, utabaki umeshika kipande cha kioo.

Redmi ikikuonyesha neno FASTBOOT, umekosea vitufe tu. Shikilia cha kuwashia peke yake mpaka ijizime na kuwaka.

Imeganda ukiwa unatuma pesa

Hii ndiyo inayopandisha presha, kwa hiyo isome mara mbili. Umeshaweka namba ya siri, umebonyeza kutuma, simu imeganda. Pesa imeenda au haijaenda?

Muamala haukai ndani ya simu yako, unakaa kwenye mitambo ya kampuni ya laini. Simu inaweza kuganda na pesa ikawa imefika salama salimini. Kwa hiyo simu ikiwaka, usitume tena. Angalia meseji, na kama haijaingia, angalia salio. Kwa M-Pesa ya Tanzania ni *150*00#, kwa Kenya ni *334#. Salio likiwa limepungua, pesa imeondoka, hata kama meseji inachelewa. Watu wengi wamelipa kodi ya nyumba mara mbili kwa kukosa kuangalia.

Simu ikikataa kuwaka na jambo ni la haraka, toa laini. Pini ya kutolea ikiwa imepotea, hereni nyembamba inafanya kazi hiyohiyo. Hakikisha tu unachoma kitundu cha sahani ya laini, kwa sababu kile cha maikrofoni huwa nacho kiko jirani. Itie laini kwenye kiswaswadu cha mtu unayemwamini, piga namba hizo, angalia salio lako.

Bado iko kimya

Huenda haijaganda, imekufa njaa. Ichomeke kwenye chaja unayoiamini, moja kwa moja ukutani, siyo kwenye kompyuta, uiache nusu saa nzima bila kuigusa. iPhone iliyoishiwa kabisa ipe hata saa moja. Kisha rudia vitufe.

Ipigie kwa simu nyingine. Ikiita au kutetemeka huku kioo ni cheusi, simu ni nzima, kioo ndicho kimekufa. Hapo kuwasha upya hakutasaidia, nenda kwa fundi wa vioo.

Simu ya zamani yenye mfuniko wa nyuma unaofunguka ni rahisi: toa betri, subiri nusu dakika, rudisha. Ya kisasa iliyofungwa usiibandue kwa kisu. Kama vitufe vyenyewe vimekufa, iache tu chaji iishe yenyewe usiku kucha, asubuhi ichaji. Ni njia ya kivivu, lakini imeniokoa mara mbili.

Ikiwa ya moto, ipoze kwanza. Itoe juani, itoe juu ya dashibodi, chomoa chaja, vua kava, iweke kivulini penye upepo. Apple wanasema iPhone itumike mahali penye joto lisilozidi nyuzi 35, na gari lililofungwa juani Dar linapita hapo upesi sana. Usiiweke kwenye friji. Unyevu utafanya matone ndani, na utakuwa umeongeza tatizo la pili.

Na kama iliingia maji kabla ya kuganda, sahau vitufe vyote nilivyokutajia. Izime kama inazimika, usiichaji, usiizike kwenye mchele (chembe zake huingia kwenye matundu), ipeleke kwa fundi ikiwa imelowa hivyohivyo.

Imewaka

Alama ya kidole haitakubali mara ya kwanza. Uso nao hautakubali. Simu ikitoka kuzimwa hutaka namba ya siri au mchoro, ndiyo kawaida yake. Laini nayo ikidai PIN, usibahatishe: ukikosea mara tatu itajifunga na kudai PUK. Namba hiyo iko kwenye kile kikadi kilichokuja na laini, au waulize huduma kwa wateja.

Ikiganda mara moja kwa mwezi, samehe. Ikiganda mara mbili kwa wiki, tafuta sababu, na anza kutafuta kwenye nafasi. Simu iliyojaa pomoni haina mahali pa kugeuzia shingo. Fungua WhatsApp, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya uhifadhi na data, uone kundi gani linakula nafasi. Nitabashiri: ni kamati ya harusi. Wawili walishaoana, wana mtoto, na video 200 za vikao bado unazo. Futa.

Nafasi ikiwepo na bado inaganda, kumbuka ulichopakua siku za karibuni, hasa kilichotumwa na rafiki nje ya Play Store. Kiondoe. Ikiganda kiasi kwamba huwahi kukiondoa, bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka uone alama ya kuzima, kisha ubonyeze alama hiyo yenyewe kwa muda mrefu. Simu nyingi za Android zitakuuliza kama unataka "Safe mode". Kubali. Itawaka na programu zake za asili tu, nawe utakuwa na nafasi ya kumtoa mkorofi. Ukimaliza, iwashe upya, itarudi kawaida.

Mara moja kwa wiki izime na kuiwasha kwa hiari yako. Mimi hufanya Jumapili usiku.

Nembo ikitokea, ikapotea, ikatokea tena kwa zaidi ya robo saa, hapo peleka kwa fundi. Toa laini na memori kadi kabla hujamkabidhi. Kaa pembeni ya meza yake kama unaweza. Na akitamka neno kuflash, yaani kuipakia simu mfumo upya, mzuie mkono kwanza, umuulize picha zako zinakwenda wapi.