Kupachika Pikapu katika Gitaa la Mkono: Lugha ya Maelekezo na Tatizo la Istilahi

Utangulizi

Kiswahili kimeimbiwa gitaa kwa zaidi ya miaka sabini. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji ambao leo huitwa Likasi, na tangu wakati huo majina ya kina George Mukabi, Fundi Konde na Fadhili William yamekuwa sehemu ya historia ya muziki wa Kenya. Ajabu ni kwamba lugha hii iliyozoea kuimba pamoja na gitaa bado hujikwaa inapotakiwa kulieleza gitaa lenyewe. Msomaji akifungua kamusi atalipata neno gitaa. Majina ya viungo vyake ni nadra kuyapata.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja tu wa tatizo hilo: maelekezo ya kupachika pikapu katika gitaa lililoundwa kwa mkono. Mfano umewekwa Eldoret kwa sababu mbili. Kwanza, mbao za saiprasi hupatikana kwa wingi katika nyanda hizi, nazo ni mbao ambazo mafundi wa Hispania wamezitumia tangu zamani kuundia magitaa. Pili, fundi wa Eldoret na mteja wake yamkini hawatoki katika jamii moja. Mmoja huenda ni Mnandi na mwingine Mluhya au Mkikuyu, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Kikiwa na utata, atakayelipa ni mwenye gitaa. Tundu likishatobolewa mahali pasipofaa, halizibiki pasiachwe kovu.

Jina la kifaa

Neno pikapu limekwisha kuingia Kiswahili, lakini limeingia likiwa limebeba magunia ya mahindi. Kwa wasemaji wengi wa Kenya pikapu ni gari dogo la mizigo. Kifaa kingine kinachohitajika katika kazi hii, yaani kitundu cha kuchomekea waya wa amplifaya, mafundi hukiita jeki. Nayo jeki inajulikana zaidi kwa kuinulia magari. Mtu akisikia kwamba "jeki ifungwe nyuma, mbali na pikapu" atadhani amefika gereji.

Hoja hapa si kwamba utohozi ni mbaya. Eneo hili lenyewe lina ushahidi wa jinsi utohozi unavyoweza kufana. Mwaka 1950 Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakiimba wimbo unaojulikana kama Chemirocha, ukisindikizwa na chepkong'o, ala ya nyuzi ya Wakalenjin. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Jina lake lilipokewa likapewa sauti za wenyeji, na kwa bahati likapata mwanzo unaofanana na kiambishi che- ambacho hutokea katika majina mengi ya kike ya Kikalenjin, kama vile Chebet na Cherono. Neno la namna hiyo haligongani na jingine. Pikapu linagongana.

Wapo wanaopendelea kinasa sauti. Istilahi hii inavutia kwa kuwa imeundwa kwa mofimu za Kiswahili, lakini ina kasoro mbili. Tayari imetumika kwa mashine ya kurekodia. Na, jambo lililo zito zaidi, haisemi kweli. Kifaa hiki hakinasi sauti iliyoko hewani kama inavyofanya maikrofoni. Kiko cha aina mbili kuu. Aina ya kwanza ina sumaku iliyozungushiwa koili ya waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitetemeka karibu nayo huibadili nguvu ya sumaku inayopita katika koili, na umeme mdogo huzalika kwa kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Aina ya pili hutumia fuwele au kauri maalumu ambayo ikibanwa hutoa chaji ya umeme, tabia iliyoelezwa na ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880.

Katika aina zote mbili kinachonaswa ni mtetemo. Kwa hiyo kinasa mtetemo ni istilahi angavu zaidi, tena inazaa: kinasa mtetemo cha sumaku, kinasa mtetemo cha fuwele. Uzazi huu si mapambo ya wanaisimu. Gitaa lenye nyuzi za nailoni likifungwa kinasa cha sumaku litakaa kimya, kwa kuwa nailoni haina habari na sumaku. Gitaa la kijijini lenye nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya wa breki za baiskeli litasikika, maana waya huo ni wa chuma. Jina linalotaja sumaku humkumbusha mnunuzi kuuliza swali hilo kabla hajatoa fedha. Ni kweli kwamba pikapu lina silabi chache, na uwekevu ni kigezo kinachoheshimiwa katika uundaji wa istilahi. Hata hivyo, uwekevu unaomtia mtu hasara ni wa kutiliwa shaka.

"Chini ya daraja"

Istilahi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni sentensi, na hapa ndipo gitaa huharibikia. Ichukuliwe kauli kama hii: "Toboa tundu dogo chini ya daraja kisha upitishe waya." Daraja ni kile kipande cha mbao kilichogundishwa usoni mwa gitaa ambacho hushika miisho ya nyuzi. Lakini "chini" ni wapi? Gitaa likisimamishwa, chini ya daraja ni sehemu ya uso iliyo kati ya daraja na kitako. Likilazwa mezani, chini ya daraja ni ndani ya tumbo. Fundi wa kwanza atatoboa uso wa saiprasi uliosuguliwa kwa msasa siku nzima. Fundi wa pili atatoboa mahali palipokusudiwa.

Kiswahili hakina sababu ya kumwacha fundi katika shaka hiyo. Ngeli za mahali, PA, KU na MU, hufunzwa shuleni na kusahaulika baada ya mtihani, ilhali kazi yake halisi ni hii. Maelekezo yale yangeweza kuandikwa hivi: "Ukishazilegeza nyuzi zote na kuzitoa, ng'oa kilalio. Katika mfuo uliokuwa umekibeba, pale penye mwisho wa mfuo upande wa uzi mnene, toboa kwa keekee tundu la takriban milimita 3 lipenye hadi mle tumboni." Pale hutaja nukta mahususi, mle hutaja undani. Kiambishi -sha- nacho huupanga mfuatano wa vitendo, hivyo hakuna atakayeng'oa kilalio nyuzi zingali zimekazwa.

Kilalio kimetumika hapa kwa ule mwamba mwembamba wa mfupa au plastiki ambao nyuzi huulalia juu ya daraja. Tandiko lingekuwa tafsiri ya moja kwa moja kutoka Kiingereza, lakini mwenye kulisikia hufikiria punda.

Kinasa cha fuwele chenye umbo la utepe hulazwa ndani ya mfuo, chini ya kilalio. Kilalio basi hukatwa upande wa kitako kwa kiasi cha unene wa utepe, la sivyo nyuzi zitapanda juu na kuwa ngumu kubonyeza. Maelekezo mengi yangesema kitako hicho "kiwe sawa". Neno sawa ni la hatari: lina maana ya kulingana, ya kunyooka, na pia ya "haidhuru, imetosha". Afadhali iandikwe kiwe tambarare, kisipitishe mwanga kinapowekwa juu ya rula. Kikiwa na kibonde, mgandamizo juu ya utepe hautalingana, na uzi mmoja utapiga kelele huku wa jirani ukinong'ona.

Kabla ya kutoboa, fundi hana budi kuingiza mkono kupitia tundu la sauti na kupapasa vile vijiti vinavyoshikilia uso kwa ndani. Gitaa la kiwandani lina mchoro unaojulikana. La mkono lina mchoro wa aliyeliunda. Kuviita vijiti hivyo mbavu kunaleta mkanganyiko, kwa sababu pande za gitaa nazo ni ubavu, na wingi wake ni mbavu. Mafundi wa majahazi pwani wana neno mataruma kwa mbao zinazokaza umbo la chombo kwa ndani, na linaufaa uso wa gitaa barabara. Msomaji wa Eldoret huenda akalifahamu zaidi kwa mbao za chini ya reli, iliyofika mjini humo mwaka 1924. Maana ya kubeba na kukaza haijapotea.

Tundu la mwisho ni la jeki, la milimita 12 hivi, linalotobolewa kitakoni na kupenya kipande kinene cha mbao kinachounga pande mbili za gitaa. Litobolewe kwa hatua, kuanzia keekee nyembamba, ili saiprasi isipasuke kufuata nyuzinyuzi zake. Kuhusu jina, tundu la plagi linatosha, na linampa mteja picha ya kitu atakachokitumia kila anapopanda jukwaani. Kinasa cha fuwele kikiunganishwa moja kwa moja na amplifaya isiyokifaa hutoa sauti kavu iliyopoteza besi. Ndiyo maana wengi huongeza ndani ya gitaa kikuzaji kidogo cha awali chenye betri ya volti 9. Katika vikuzaji vingi vya aina hiyo umeme huwaka mara plagi inapoingizwa, kwa hiyo maelekezo yamwambie mwenye gitaa aichomoe akimaliza kucheza, na yamwonyeshe mahali betri ilipo.