Kabla ya Kusaini Mkataba na Shirika Kubwa

Shirika kubwa lisilo la kiserikali likitangaza nafasi ya kazi Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, maombi humiminika, na sababu zinaeleweka. Mara nyingi mshahara wake unazidi ule wa halmashauri kwa mtu mwenye shahada ileile. Bima ya afya inamhudumia mwenza na watoto. Kazi yenyewe ina uzito: chanjo, maji safi, watoto wanaorudi shuleni. Simkatishi tamaa mtu yeyote anayeomba. Ninachotaka akijue mapema ni kitu ambacho barua ya ajira haikisemi waziwazi: jina lililo juu ya barua ni la shirika, lakini mshahara unalipwa na mradi, na mradi una tarehe ya mwisho.

Fedha za mradi huwa hivi. Mfadhili anatoa kiasi fulani kwa kipindi fulani, tuseme miaka mitano, kwa bajeti yenye vifungu, na nafasi yako ni kimojawapo cha vifungu hivyo. Wakati mwingine mshahara wa mtu mmoja unagawanywa, asilimia 60 ikitoka mradi wa lishe na 40 mradi wa maji. Mmoja ukifungwa, shirika litafute fedha za kuziba pengo au likuage. Ukubwa wa shirika haukulindi sana hapo, kwa sababu hata lenye ofisi katika nchi 50 haliruhusiwi kuchota fedha za mfadhili mmoja kulipia kazi za mwingine.

Tuliliona hilo kwa uchungu mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Siku chache baadaye miradi ikaagizwa kusimamisha kazi. Mwezi Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Tanzania, Kenya na Uganda, ambako huduma za VVU zilitegemea sana fedha hizo, wauguzi, washauri nasaha, madereva na maafisa takwimu walijikuta nyumbani. Walikuwa wachapakazi, na mashirika yao yalikuwa na majina makubwa.

Kwa hiyo kwenye usaili, wakikupa nafasi ya kuuliza, uliza: mfadhili ni nani? Mradi uko mwaka wa ngapi, na unafungwa lini? Mshahara wangu unatoka mradi mmoja au zaidi? Msimamizi mzuri hachukii maswali hayo. Ukikuta mradi umebakiza miezi 14, bado unaweza kusaini, ila usichukue mkopo wa benki wa miaka minne, na usipange kodi ya nyumba kwa kutegemea posho za safari. Posho ni fedha ya kazi ya siku ile, na hukatwa kabla ya kitu kingine chochote.

Faida ambayo watu huitaja kidogo, nami naiona kubwa kuliko mshahara, ni nidhamu ya kazi unayoondoka nayo. Shirika kubwa litakufundisha kusimamia bajeti, kurejesha masurufu kwa wakati na risiti zake, kukusanya takwimu zinazoweza kukaguliwa, na kuandika ripoti ya robo mwaka inayosomeka. Mtu aliyepita huko miaka mitatu anahitajika serikalini, kwenye kampuni, hata kwenye kikundi cha wilayani kinachoanza. Nidhamu hiyo ina gharama yake. Kununua pampu ya kisima kunaweza kuhitaji saini tano na wiki sita, huku wanakijiji wakikuuliza wewe, si makao makuu. Wenye moyo wa haraka huumia sana hapo, na wapo wanaofanya kazi vizuri zaidi kwenye asasi ndogo.

Upande wa sheria, kwa Tanzania Bara, isome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na viongozi. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mwajiri akikuachisha kwa kukosa fedha baada ya kukamilisha angalau miezi 12 ya kazi, kwa kawaida anapaswa kukulipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, hadi miaka 10; mkataba ukiisha wenyewe kwa tarehe yake, haki hiyo haipo. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, yako na ya mwajiri kwa pamoja. Iangalie kila baada ya miezi michache ukiwa bado kazini, kwa kuwa mradi ukishafungwa, mhasibu wa kurekebisha makosa anaweza kuwa ameshaondoka naye.

Kama uliahidiwa kuongezewa mkataba, hasa kwa maandishi, halafu ukanyimwa bila sababu ya haki, sheria inaweza kulihesabu hilo kuwa ni kuachishwa isivyo halali. Tunza barua pepe hizo mahali pako binafsi, kwa kuwa akaunti ya ofisi hufungwa siku ya kuondoka. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ikome, na mazungumzo ya pembeni na ofisi ya rasilimali watu hayasimamishi siku hizo.